Shamba la mjomba, kisima cha mwana: kisa cha ununuzi ukingoni mwa Uwanda wa Makonde

Katika kisa hiki tapeli hayumo. Muuzaji aliuza kitu alichoamini ni chake, mnunuzi alilipa fedha halali, mashahidi walitia sahihi kwa walichokiona kwa macho yao, na wakili wa mjini aligonga mhuri kwa nia njema kabisa. Mauziano yalikuwa batili hata hivyo. Visa vya matapeli wa viwanja tunavisikia kila siku. Hivi vya watu waaminifu kuuziana kisichouzika, ambavyo kwa sisi tunaofanya kazi ya usaidizi wa kisheria huku kusini ndivyo vinavyotuchosha zaidi, huishia barazani na kusahaulika.

Majina ya watu na ya kijiji nimeyaacha. Inatosha kujua kwamba ni kijiji cha Wilaya ya Newala, kimojawapo cha vile vilivyokaa ukingoni.

Mtu wa Kilimanjaro au wa Uluguru akiambiwa kwamba Mtwara nako kuna mlima, hucheka. Ni kweli kilele hatuna. Tulicho nacho ni uwanda: ardhi inapanda polepole kutoka pwani, hata ukiipita Tandahimba hujui kama unapanda, halafu ukifika Newala inakatika ghafla. Chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Wageni wakifika Newala mjini hupelekwa Shimo la Mungu kuliangalia bonde hilo. Vijiji vya ukingoni vina ukungu na baridi ya kuvaa sweta mwezi wa sita na wa saba, na ukisimama pabaya simu hunasa mtandao wa ng'ambo, saa ikarudi nyuma saa nzima.

Mnunuzi wetu ni mwalimu mstaafu, mama mzaliwa wa Kilwa aliyefundisha Mtwara mjini kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alifika kijijini mwezi wa saba kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzake. Joto la Mtwara lilikuwa limemchosha, kiinua mgongo kilikuwa kimeingia benki, na upepo wa ukingoni ukamwingia moyoni. Akaulizia kama kuna mtu anauza.

Hapo nina neno la pembeni. Mwezi wa saba ndio mwezi unaodanganya kuliko yote katika vijiji hivi. Mvua zimekwisha juzi tu, visima vimejaa, barabara imekauka lakini haijawa vumbi la kuzamisha tairi, na wenyeji hawajaanza kugombania maji. Anayetaka kuhamia huku na aje Oktoba, akae hata wiki mbili, ateke maji kama wenzake. Akija tena Februari, matope yakiwa yamekamata magari, ndipo atajua umbali halisi wa hospitali. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilometa 210, na kilometa 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Bei ya ardhi imetangulia mbele ya katapila.

Maji ndiyo yaliyoamua bei ya mali hii, kwa hiyo nayaeleza kwa urefu. Udongo wa uwanda ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na juu huku mito haipo. Zamani kina mama walishuka ukingo na vibuyu na kupanda navyo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ambao chanzo chake ni Mitema, unasukuma maji kutoka chini kuja juu kwa pampu. Pampu ikigoma au umeme ukikatika, foleni ya ndoo inalala pale kwenye bomba la kijiji. Ndiyo maana mwenye uwezo huchimba kisima cha mvua ubavuni mwa nyumba. Hesabu yake ni rahisi: paa la bati la meta 60 za mraba, mwaka wenye mvua ya milimeta 1000, linatoa hadi lita 60,000 kabla ya kinachomwagika na kuvuja. Familia inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji 18,000 kuvuka miezi sita ya kiangazi. Kwa hiyo paa halina shida. Shida ni saruji ya kujenga shimo la kuyatunza maji hayo.

Kisima cha nyumba hii kina mdomo wa duara ulioinuliwa tofali mbili juu ya ardhi. Mfuniko ni bati lililopigiliwa kwenye fremu ya mbao, una komeo na kufuli. Gata linatoka kona ya paa na kuishia kwenye tundu lililozibwa kwa kipande cha chandarua kuukuu, cha kuchuja majani ya mwembe. Ukimulika tochi ndani unaona mistari ya maji ukutani, kila mwaka na mstari wake, na ufa mmoja uliozibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Ni kazi ya fundi, na kazi iliyogharimu. Siku mwalimu alipopelekwa kuangalia, ufunguo wa kufuli hakuwa nao mzee muuzaji. Alitumwa mtoto kwenda kuuchukua kwa mke wa kijana wake mkubwa. Mwalimu aliona, wala hakuuliza. Mimi ningekuwapo ningeuliza hapo hapo, maana kijijini anayeshika ufunguo wa kisima ana sababu ya kuushika.

Wakauziana mwezi wa pili. Msimu nao unasema kitu: fedha za korosho zimekwisha, chakula kipya bado kiko shambani, na huo ndio wakati ambao ardhi nyingi hutajwa bei. Mzee alikuwa na mke mgonjwa. Mali yenyewe ni ekari tatu na nusu, mikorosho mikongwe tisini na ushee, nyumba ya tofali ya vyumba vitatu na kisima. Kwa hesabu, mikorosho hiyo haijasongamana. Kwa nafasi ya meta 12 kwa 12 ekari moja huchukua mikorosho kama 28, ingawa wazee hawakupanda kwa kamba. Bei ni shilingi milioni sita. Milioni nne zilitolewa taslimu, mbili zingetolewa baada ya msimu.

Karatasi iliandikwa barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili, kisha wakaenda Newala mjini kwa wakili ikapigwa mhuri. Kiongozi mmoja wa eneo hilo akachukua laki nne, akiita asilimia kumi ya serikali, risiti hakutoa. Asilimia kumi hiyo haimo katika sheria yoyote, na viongozi wa juu wamekuwa wakiikemea hadharani, ila ukienda kununua shamba utaikuta imekaa kama kodi. Mtendaji wa kijiji alikuwa safarini. Mwalimu akaambiwa muhtasari utaandikwa akirudi. Haukuandikwa.

Mwezi wa sita akiwa ndiyo kwanza amehamia, alisikia mashine ya kupulizia salfa shambani kwake alfajiri. Akatoka. Akakuta vijana wawili wanapulizia mikorosho ya upande wa chini, wamejifunga vitambaa usoni, vumbi la njano limetanda. Salfa ni ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na kuipulizia ni gharama. Hakuna anayeipulizia kwenye mikorosho ya jirani kwa bahati mbaya. Wakamwamkia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," wakamweleza kwamba mikorosho ile thelathini imewekwa rehani kwa tajiri yao kwa misimu mitatu, na huu ulikuwa wa pili.

Mgeni wa pwani ya kaskazini humshangaza jambo hili. Kwa mila za huku mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Mtu anaweza kuazima udongo apande mihogo chini ya mikorosho ya mwingine, na mwenye mikorosho anaweza kuikabidhi kwa mdai avune mpaka deni liishe, bila kuhamisha ardhi hata hatua moja. Aliyeiweka rehani mikorosho hii si mzee. Ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyekuwa anatafuta ada ya mwanawe.

Kwa nini mpwa aweke rehani mikorosho ya mjomba? Kwa sababu kwake si ya mjomba. Oktoba korosho zilipoanza kudondoka walikuja dada zake wawili mpwa huyo na ndoo zao, wakaanza kuokota, na mzee alipoitwa mmoja akamwambia kwa heshima zote: "Mjomba, hili shamba ulipewa ulitunze." Wamakonde, kama Wamwera, Wamakua na Wayao, huhesabu ukoo upande wa mama. Mzee alipata shamba lile kutoka kwa mjomba wake, na kwa hesabu ya litawa, yaani ukoo wa upande huo, baada yake ni zamu ya watoto wa dada yake. Watoto wake wa kuzaa wana ukoo wao kwa mama yao. Uislamu umeingia, mirathi ya kiislamu ipo, wapo wazee wengi wanaowagawia watoto wao wakiwa hai ili kuepusha fitina, na mila yenyewe inalegea kila kizazi. Lakini kwenye mikorosho ya urithi mjomba na mpwa bado wana kauli. Mzee naye alikuwa na hoja: ameipalilia kwa miaka arobaini, ni nani mwingine aliyeshika jembe pale?

Wakati hayo hayajatulia, kijana mkubwa wa mzee alirudi likizo kutoka Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili. Kisima alikijenga yeye, kwa fedha alizokuwa akizituma kidogo kidogo, na bati la nyumba ni lake pia. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu kwamba hakuna aliyempigia simu.

Na alikuwapo mdai wa nne, mzee wa kijiji jirani, aliyedai kwamba sehemu ya juu ni mahame ya babu yake, na makaburi yapo chini ya mwembe. Huyo sheria ilimjibu haraka. Watu wa huku walihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 15, inatambua ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, haki za zamani juu ya ardhi hiyo zikaishia hapo. Ardhi haikuwa yake tena. Makaburi ni jambo jingine, nitalirudia.

Nilipoletewa karatasi, nililazimika kumwambia Mwalimu neno ambalo hakutaka kulisikia. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Mwenye haki ya kimila anaweza kuihamisha, lakini kwa mtu asiye wa kijiji hicho uhamisho unataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na usipopata idhini hauna nguvu, hata mkataba uwe na mhuri wa mawakili kumi. Mahakama ya Rufani imelisema hilo zaidi ya mara moja. Idhini ni ya halmashauri yenyewe ikiwa imekaa kikao, ikaandika muhtasari. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake hana mamlaka hayo. Tena sheria inamwona mgeni anayenunua kama mtu anayekuja kuishi na kufanya kazi pale, na halmashauri ina haki ya kumuuliza. Juu ya hayo, nyumba ile ndiyo ya mke na mume, na mke hakutia sahihi popote, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake.

Wanaume wachache pale kijijini walikuja na jibu lao: wale wanawake wawili hawana haki ya ardhi kwa kuwa ni wanawake. Hilo nalo halisimami. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na kwa mila yenyewe ya upande wa mama hoja hiyo ni ya ajabu. Nadhani imepandishwa huku kutoka mahali pengine.

Kwa hiyo kisheria jibu lilikuwa safi: mauziano ni batili, na kwa kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba aliyepokea fedha kwa mkataba batili anazirudisha. Safi kwenye karatasi. Milioni nne zilikuwa zimekwenda hospitali ya Ndanda na kurudi, zikanunua mahindi, zikaezeka banda. Mzee wa miaka sabini na kitu utamkamatia nini? Kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kulikuwa na maana moja tu, Mwalimu ashinde kesi na kukosa fedha, huku akiishi katikati ya watu aliowashinda. Tukaanza kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kupatanisha, halimlazimishi mtu. Hatua inayofuata ni la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 nalo limebaki na usuluhishi tu, na likishindwa ndani ya siku 30 njia ya kwenda wilayani inafunguka.

Vikao viwili vya mwanzo vilikuwa vya kelele. Kila mmoja alikuwa anaieleza mali kama kitu kimoja, ama chote ni changu ama chote ni chako. Kilichofungua njia ni mtu ambaye hakuna aliyemhoji tangu siku ya kwanza, dada yake mzee, mama wa wale wapwa. Aliletwa kwa bodaboda, akaketishwa, akaulizwa mipaka anaijuaje. Akasema shamba la mjomba wao linaishia kwenye mstari wa minyaa. Kutoka kwenye minyaa kuja upande wa nyumba kulikuwa pori, na aliyelifyeka ni mdogo wake huyu huyu, mwaka alioleta mke. "Pale alipofyeka mwenyewe ni pake. Mikorosho ya mjomba ni ya wanangu. Kisima muulizeni aliyekichimba."

Tulitoka wote kwenda kuiangalia minyaa. Ipo, imekuwa miti mikubwa, mingine imekufa na kuacha mapengo, lakini mstari unaonekana. Upande wa nyumba ni ekari moja na kidogo, yenye mikorosho kumi na minne ambayo mzee aliipanda mwenyewe. Katika karatasi ya mauziano mpaka wa kusini ulikuwa umeandikwa "ukingo wa bonde". Niliomba neno hilo lifutwe. Ukingo wa mchanga unamomonyoka kila mwaka wa mvua kubwa, na mpaka unaotembea ni kesi ya wajukuu. Tukapima hatua kutoka kwenye mwembe.

Makubaliano yalikuwa haya. Mwalimu anabaki na upande wa nyumba, mikorosho yake kumi na minne, nyumba na kisima, kwa shilingi milioni tatu na laki mbili. Shamba la mjomba linarudi kwa wapwa, na rehani inaendelea mpaka msimu wake wa tatu uishe, kwa sababu tajiri wa salfa naye alitoa fedha yake. Katika zile milioni tatu na laki mbili, milioni moja na laki nne zilitajwa kuwa thamani ya kisima na bati, yaani za kijana. Jinsi baba na mwana walivyozimaliza hizo ni kwa simu na hatukuambiwa. Mzee anamrudishia Mwalimu laki nane zilizozidi, kwa misimu miwili, malipo ya mnada wa korosho yakiingia akaunti yake kupitia chama cha msingi cha ushirika. Mimi nilipendelea yeye na Mwalimu waandikiane bila kutaja mikorosho, kwa kuwa deni linaloshikizwa kwenye mti huku hugeuka rehani nyingine, na tungeanza upya.

Safari hii karatasi zilikwenda mahali pake. Halmashauri ya Kijiji ilikaa, ikamuuliza Mwalimu kama anaishi au anaweka mlinzi, akajibu kwamba chumba chake wanakiona taa kila usiku. Muhtasari ukaandikwa na kusainiwa na mwenyekiti na mtendaji, akidi ikiwa imetimia. Mke wa mzee alitia dole gumba kwa hiari yake, kijana akatia sahihi kuhusu kisima, wapwa watatu wakawa mashahidi wa mpaka. Mkutano mkuu uliofuata ukasomewa. Njia ya kwenda makaburini, upana wa meta mbili, imeandikwa ndani ya muhtasari, na yule mzee wa kijiji jirani anaweza kupita kufanya dua bila kubisha hodi, ingawa hupiga hodi na hupewa chai.

Maombi ya hatimiliki ya kimila yamepelekwa masjala ya ardhi ya wilaya. Katika laki nane, laki tano zimelipwa msimu uliopita na laki tatu zinasubiri mnada. Ufunguo wa kisima anao Mwalimu, isipokuwa mke wa yule kijana amebakiwa na ruhusa ya ndoo mbili kwa siku hadi wajenge chao. Hilo halikuandikwa popote na mimi nilishauri liandikwe. Ile laki nne ya asilimia kumi haijarudi. Mwalimu hataki kuidai kwa maandishi, na bila yeye sina cha kupeleka.